Nataka kuaplai shule ya filamu nje ya nchi, niko Lindi, naanzia wapi?

BintiMitwero:

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Naombeni mwongozo kwa yeyote anayejua, maana huku Lindi nimeuliza mpaka nimechoka, kila ninayemuuliza ananiambia niaplai ualimu au unesi basi yaishe.

Nimemaliza form six HKL, nina division two. Kwa sasa nashuti harusi na mahafali hapa mjini, saa nyingine naitwa Mtama au Nachingwea, natumia Canon ya mtumba ambayo babu alinichangia alipouza korosho. Kabla ya hapo nilikuwa na simu tu. Harusi zinanipa hela ya kula na sizidharau, ila moyo wangu upo kwenye filamu na hasa dokumentari, nataka niisomee kabisa, nijue sauti, nijue kuediti, nijue kuandika.

Nina filamu moja nimeshaimaliza, ya dakika kumi na mbili, inamhusu bibi mzaa mama kule Rondo anavyobangua korosho. Anazikaanga kwenye bati mpaka zinashika moto zenyewe, moshi mweusi unapanda hadi humuoni, anazimwaga chini anazifukia mchanga zizime, halafu anapaka majivu mikononi ili yale mafuta ya ganda yasimbabue, ndo anaanza kugonga moja moja na kijiti huku anaongea Kimwera mwanzo mwisho. Mimi nimeweka kamera karibu kabisa na vidole vyake. Zaidi ya nusu ya hiyo filamu nimeshuti kwa simu kwa sababu Canon nilikuwa sijaipata.

Sasa maswali yangu. Filamu ya simu na yenye Kimwera itakubalika kweli na hao wazungu au nitaonekana sijielewi? Nchi gani mtu asiye na hela anaweza kwenda? IELTS ni lazima? Na kuna jamaa yuko Mtwara anajiita wakala, anasema nimpe milioni moja na nusu ananipatia admisheni Ulaya bila hata kutuma filamu, eti yeye anajuana nao. Baba hataki kabisa kusikia, anasema filamu siyo kazi, mama yupo katikati. Nisaidieni jamani.

Mmasasi_Praha:

Dada yangu marahaba kwa shikamoo yako hata kama pengine tunalingana. Mimi kwetu Masasi, nilipita FAMU, shule ya filamu ya Praha, Jamhuri ya Cheki, kwenye kozi fupi ya Kiingereza, kwa hiyo ninachokuambia nimekiona.

Kwanza huyo wakala, usimpe hata mia. Shule ya filamu ya maana haichukui mtu bila kuona kazi yake, hicho ndo kitu cha kwanza wanachoangalia kabla hata ya cheti chako cha NECTA. Mtu anayekuambia filamu haihitajiki ama anakupeleka kwenye chuo ambacho siyo cha filamu, ama hakupeleki popote. Maombi yote unafanya mwenyewe onlaini, ada ya maombi unailipa kwenye ukurasa wa chuo chenyewe, na vyuo vingine ukiwaandikia imeili ukaeleza hali yako wanakusamehe hiyo ada. Waandikie, hawang'ati.

Kuhusu filamu ya simu. Inakubalika, na nisikilize vizuri hapa kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapoteza nafasi. Watu wanaokaa kuchagua pale wanapokea mamia ya video zenye kamera nzuri, droni inapanda juu ya jiji, muziki mkubwa, kijana anatembea peke yake kwenye mvua anawaza. Wamezichoka. Bibi yako anayepaka majivu mkononi ili mafuta ya korosho yasimbabue hawajamuona, na hakuna mwanafunzi wa Paris wala Seoul atakayewaletea, wewe peke yako ndo unaweza kuingia jikoni kwake na akaendelea na kazi kama haupo. Hiyo ndo potifolio yako. Usije ukaiweka pembeni ukatuma treila ya harusi kwa sababu harusi picha zinang'aa.

Ila ifanyie kazi. Dakika kumi na mbili kwa maombi ni ndefu, vyuo vingi vinataka kazi fupi, wengine dakika tano wengine kumi, na kila chuo kina sharti lake kwa hiyo tengeneza toleo la dakika tano na ubaki na lile refu. Anza na kitu chenyewe, usianze na jina lako limeandikwa kwa maandishi ya dhahabu na mandhari ya machweo, anza na ule moshi. Kimwera kiache kama kilivyo, usimlazimishe bibi aongee Kiswahili wala usiweke sauti yako juu yake kuelezea, weka maandishi ya tafsiri ya Kiingereza chini ya picha na mtafute mtu anayejua Kiingereza vizuri ayapitie, maana makosa kwenye yale maandishi yanaharibu filamu nzuri. Kuediti tumia DaVinci Resolve, toleo la bure linatosha kabisa kama kompyuta yako ina nguvu kidogo.

Na muziki, kama uliweka wimbo wa msanii yeyote utoe. Haki siyo zako na hawa watu wanaangalia hilo. Mlio wa korosho zinapasuka kwenye bati unatosha.

Kitu kingine ni barua. Karibu kila chuo kitakuuliza kwa nini filamu na kwa nini wewe. Usiandike "tangu utotoni nilikuwa na ndoto", andika kwa nini ulimshuti bibi, ulimshuti vipi, nini kilikushinda, ungepata vifaa ungefanya nini tofauti. Mimi kwenye intavyuu waliniuliza shoti moja tu niliyopiga, kwa nini niliiacha ndefu vile, tukaiongelea hiyo hadi muda ukaisha.

Kuhusu Praha yenyewe, FAMU ipo tangu 1946 na Cheki wana sheria nzuri sana ambayo watu hawaijui, ukisoma kwenye chuo cha umma kwa Kicheki hulipi ada hata kama ni mgeni wa nchi yoyote. Programu za Kiingereza zinalipiwa na siyo hela ndogo. Kwa hiyo njia ya mtu asiye na hela ni kujifunza Kicheki kwanza, lakini ujue ni lugha ngumu, ule mwaka wa lugha unaulipia, na chakula na chumba ni juu yako. Na viza ya Cheki sisi tunafuata ubalozi wao Nairobi, hiyo nayo ni nauli.

MamaShangani:

Mwanangu nimesoma yote. Mimi nipo Mtwara, Shangani, sijui mambo ya kamera ila nimemfuatilia mtoto wangu mpaka akaenda Uchina kwa ufadhili wa serikali yao, kwa hiyo naongelea makaratasi tu, na makaratasi ndiyo yanayowakwamisha watoto wa huku kusini.

Leo hii kabla hujafikiria chuo chukua cheti cha kuzaliwa, vyeti vya form four na form six na namba yako ya NIDA, viweke mezani uangalie majina. Herufi kwa herufi. Huku kwetu mtoto anaitwa Somoe kwenye cheti cha RITA, shule ya msingi mwalimu kaandika Somoye, NIDA wameandika jina la babu badala ya la baba. Kama kuna tofauti anza kurekebisha sasa, maana pasipoti itafuata NIDA na chuo kitafuata cheti cha NECTA, na ubalozini wakikuta watu wawili kwenye faili moja wanakurudisha. Kama ni kiapo cha majina au deed poll, nenda kwa wakili ufanye mapema.

Pasipoti fomu unajaza onlaini kwenye ukurasa wa Uhamiaji, gharama yake ni shilingi 150,000 kwa jumla, halafu unakwenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, hapo hapo Lindi, kwa ajili ya alama za vidole na picha. Utatakiwa na cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo, kwa hiyo mwambie mama akutafutie. Usisubiri mpaka upate chuo ndo uombe pasipoti, fomu nyingi za maombi zinataka namba ya pasipoti.

Kuhusu Uchina, ufadhili wao wanauita CSC, wao wanakulipia ada, bweni, bima na wanakupa hela ya kujikimu kila mwezi yuan 2,500 kwa digrii ya kwanza na 3,000 kwa masta. Dirisha linafunguka mwanzoni mwa mwaka na Wizara ya Elimu huwa inatangaza. Kawaida mwaka wa kwanza wanawasomesha Kichina, ndipo unaingia kwenye kozi. Mtoto wangu hakusoma filamu ila alinitajia kwamba Beijing kuna chuo kikubwa cha filamu cha tangu 1950, Beijing Film Academy, nenda kwenye ukurasa wao usome masharti.

Na kuhusu baba, usimgombeze wala usimfiche. Baba wa huku anaogopa kitu kimoja, kwamba mtoto ataenda mbali kwa hela ya kukopa arudi hana kitu. Mletee makaratasi yanayoonyesha nani analipa. Mimi mume wangu alikuwa hivyo hivyo, alipoona barua imeandikwa bweni limelipwa alianza mwenyewe kuuliza mzigo unaruhusiwa kilo ngapi.

KijanaWaChuno:

Naomba nitofautiane kidogo na mkuu wa Praha, kwa heshima zote.

Dada kaishia form six. Ukweli ni kwamba ufadhili kamili wa digrii ya kwanza ya filamu nje ni mgumu sana kupata, lakini ufadhili wa masta upo wa kutosha na mwingine ni mzuri hasa kwa dokumentari. Kwa hiyo mimi ningekuwa yeye ningesoma digrii ya kwanza hapa hapa nyumbani. UDSM wana idara ya sanaa bunifu na filamu na televisheni inafundishwa pale, na Bagamoyo kuna chuo cha sanaa, TaSUBa, kama unataka diploma yenye kazi ya mikono zaidi. Kwa UDSM unaweza kuomba mkopo wa HESLB, ukienda filamu nje kwa uamuzi wako usiitegemee HESLB. Miaka hiyo mitatu unashuti, unapeleka filamu kwenye tamasha la ZIFF Zanzibar, unajulikana, unarudi likizo Rondo unaendelea na bibi.

Halafu ndo unaaplai masta. Kuna ile ya Erasmus Mundus, mpango wa skolashipu wa Umoja wa Ulaya, inaitwa DocNomads, ni masta ya dokumentari peke yake, miaka miwili, mnasoma kwa Kiingereza mnahama kutoka Lisbon kwenda Budapest kwenda Brussels, yaani kila sehemu unatengeneza filamu. Ukipata skolashipu yao hulipi ada na unapewa euro 1,400 kila mwezi. Kuna nyingine ndugu yake inaitwa KinoEyes, hiyo ni ya filamu za kutunga. Zote wanataka uwe na digrii, haijalishi sana ya nini, na potifolio. Kwa Uingereza kuna Chevening, skolashipu ya serikali yao kwa masta ya mwaka mmoja, ila wanataka uwe umefanya kazi angalau miaka miwili na uahidi kurudi nyumbani miaka miwili baada ya kumaliza. Kazi ya harusi inahesabika kama kazi kama una ushahidi, risiti, mikataba, barua, kwa hiyo anza kuandikiana na wateja wako leo, acha kufanya kwa mdomo.

Marekani sikushauri kwa sasa. Vile vyuo vinavyotajwa kwenye intavyuu za mastaa, kama NYU, ukijumlisha ada na kuishi ni zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka mmoja, na hiyo kabla ya ada ya SEVIS ya kusajili wanafunzi wageni dola 350 na ada ya viza 185. Na masharti ya viza kwa Watanzania yamekazwa, kwa hiyo kabla hujalipa chochote soma kwanza ukurasa wa ubalozi. Kama unaipenda sana Marekani kuna vyuo vichache tajiri ambavyo haviangalii kama una hela wakati wa kukuchagua hata kama ni mgeni, kama Yale na Amherst, na wakikuchukua wanalipa pengo lote, pale unaweza kusoma filamu ndani ya digrii ya kawaida. Lakini ushindani wake ni mkubwa mno na wanataka alama za juu kweli.

Mwongozaji wetu wa filamu Amil Shivji alisoma filamu York University, Toronto, akarudi kushuti kwa Kiswahili hapa hapa. Inawezekana kwenda na kurudi. Nachosema ni mpangilio tu, nani anakulipia na wakati gani.

Mmasasi_Praha:

@KijanaWaChuno hapo kwenye masta nakuunga mkono asilimia mia, DocNomads ni kama imeandikwa kwa ajili yake. Ninachoogopa ni dada kusikia "subiri miaka mitatu" akaiacha ile filamu kwenye memori kadi ikaozea huko. Aimalize sasa. Filamu ile ile inaweza kumpeleka ZIFF mwaka huu na masta baadaye.

BintiMitwero:

Jamani asanteni sana, yaani sikutegemea. Mama Shangani shikamoo tena, nimeangalia majina, NIDA na NECTA yanafanana ila cheti cha kuzaliwa kina herufi moja imezidi, kesho naenda kuulizia.

@KijanaWaChuno wazo la UDSM baba atalikubali hata kesho, ila nina swali lingine ambalo linanisumbua. Nimekuwa nikiiwazia sana Ujerumani. Mnajua ule mlima wa Tendaguru hapa kwetu, walikochimba mifupa ya yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria. Babu yake babu yangu wanasema alikuwa kwenye wale waliobeba ile mifupa kichwani mpaka bandarini Lindi. Nataka kutengeneza filamu ya hiyo njia, kutoka Tendaguru hadi hapa pwani, na mwisho wake upo Berlin. Naona kama shule ya Ujerumani ndo ingefaa. Kuna anayejua kule?

Mlindi_Potsdam:

Shikamoo ya jumla naipokea, marahaba mdogo wangu. Kwetu Ng'apa, nipo Potsdam karibu na Berlin kwa masomo mengine, siyo filamu, ila ninaishi na wanafunzi wa filamu na huyo mjusi wako nimeshamtembelea mara nyingi.

Nianze na huyo mjusi maana naona ndo moyo wako upo. Walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, zaidi ya tani 200 za mifupa, na zote zilishuka kwa miguu ya watu wetu hadi Lindi ndipo zikapanda meli. Wakubwa wa msafara wanaotajwa vitabuni ni Wajerumani, Janensch na Hennig, lakini msimamizi mkuu wa kazi kule porini alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani, jina lake limo kwenye kumbukumbu zao. Yule mjusi alisimamishwa kwenye jumba la makumbusho la Museum für Naturkunde mwaka 1937 na mpaka leo amesimama, urefu wa kwenda juu mita 13.27, ukiingia tu mlangoni shingo inabidi uilaze nyuma. Watoto wa Berlin wote wanamjua. Wanaomjua aliyembeba ni wachache sana. Hiyo filamu itengeneze dada, nakuomba kabisa, na kabla ya kufikiria Berlin kaa na wazee wa huko Tendaguru na Mipingo wakiwa bado wapo, washuti wanavyosimulia, kwa Kimwera, hata kama hujui utatumia wapi. Hiyo haina haja ya viza.

Sasa shule. Ujerumani vyuo vya umma vingi havina ada, unalipa mchango wa muhula tu ambao ni mdogo. Isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg, kule mgeni wa nje ya Ulaya analipa euro 1,500 kila muhula, na Ludwigsburg ambayo ina shule kubwa ya filamu ipo kwenye jimbo hilo. Hapa Potsdam ipo Filmuniversität Babelsberg, tangu 1954, Berlin ipo DFFB, tangu 1966. Kikwazo cha kwanza ni lugha, kozi nyingi za kuongoza filamu wanataka Kijerumani na cha kueleweka, siyo cha kuombea maji. Goethe-Institut ipo Dar na wana kozi za onlaini, unaweza kuanza ukiwa Lindi kama bando linaruhusu.

Kikwazo cha pili ni hela ya viza. Wanataka uwe na akaunti iliyofungwa yenye euro 11,904 kwa mwaka, unaruhusiwa kutoa 992 tu kila mwezi. Kwa hela yetu ni zaidi ya milioni 30. Kama una skolashipu au mtu wa huku anayekudhamini rasmi hiyo haikuhusu. Ukishafika unaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, watu wanaosha vyombo wanajikimu, ila hiyo haikusaidii kupata viza kwa sababu hela wanataka kuiona kabla.

Kuingia kwenyewe ni mtihani wa hatua. Kawaida wanatoa mada, unatengeneza kazi juu ya hiyo mada, picha, maandishi au filamu fupi, wakiipenda wanakuita siku za majaribio na intavyuu. Jamaa ninayeishi naye alirudishwa akaomba tena wakamchukua, huku hilo ni la kawaida hata kwa Wajerumani wenyewe.

Kwa hiyo mimi nakubaliana na Chuno, soma kwanza nyumbani na Kijerumani ukijifunze taratibu pembeni. Filamu ya Tendaguru ukiileta huku ukiwa na digrii, na umeshakaa na wale wazee, utaongea na makumbusho kama mtu mwenye kazi yake mkononi.

MamaShangani:

Mwanangu na ukisoma nje chochote, kabla hujakubali chuo uliza TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kama wanakitambua, maana ukirudi wao ndio wanaotambua hiyo digrii na kuna watoto wamerudi na cheti kisichofaa kuombea kazi serikalini.

Mfuko_wa_Maiki:

Nimechelewa kwenye uzi huu. IELTS ameuliza na hakujibiwa. Siyo kila chuo kinataka IELTS, wengine wanapokea Duolingo ambayo unafanyia nyumbani kwenye kompyuta yenye kamera, ila intaneti isikatike katikati, hapo Lindi tafuta sehemu yenye waya siyo bando la simu. IELTS inabidi uende Dar, na matokeo yake yanakubalika miaka miwili tu kwa hiyo usiifanye sasa kama masta ni baadaye. Uingereza wanataka pia kipimo cha TB kwa anayekaa zaidi ya miezi sita.

Halafu dada, mimi ni mtu wa sauti, narekodi kwaya na mikutano huku Mtwara. Nikikisia tu filamu yako, picha iko sawa ila sauti imechukuliwa na maiki ya simu na upepo wa Rondo umeingia. Kweli au siyo?

BintiMitwero:

Kweli kabisa kaka, kuna sehemu bibi anaongea kitu kizuri sana kuhusu marehemu babu na upepo umefunika.

Mfuko_wa_Maiki:

Sasa sikia. Usimwambie arudie yale maneno, hayatatoka sawa. Nenda Rondo tena, mkae jioni upepo ukitulia au ndani ya jiko, mwache azungumzie babu upya kwa njia yake, rekodi sauti tu bila picha, halafu iweke juu ya zile shoti za mikono. Nina maiki ndogo ya kubana kwenye nguo na nina manyoya yake ya kuzuia upepo. Nakaa Ligula karibu na hospitali, ukija Mtwara njoo uchukue, utairudisha ukimaliza. Njoo na mtu mwingine kama baba hataki uje peke yako. Kabla ya kuanza kurekodi vaa spika za masikioni usikilize, na ukimaliza kila sehemu nyamaza rekodi hiyo kimya ya jikoni kama nusu dakika, utaihitaji wakati wa kuediti kuunganishia.

Mmasasi_Praha:

Na maandishi ya Kiingereza nitakusaidia kuyapitia mimi. Andika kwanza Kimwera chote alichosema bibi, chini yake Kiswahili, chini yake jaribu Kiingereza wewe mwenyewe, weka na dakika ya kila sentensi. Video ipandishe YouTube iwe ya wenye linki tu, nitumie linki inbox. Nina likizo mwezi ujao.

BintiMitwero:

Nashukuru mno. Nakuja Mtwara Jumamosi na mama, yeye ana safari ya Mikindani kwa dada yake. Kaka wa maiki nakutumia namba inbox sasa hivi.